Barua kwa mwanangu: chunusi zako na vidonge vyako

Mwanangu, marahaba. Ile picha uliyonitumia jana usiku nimeivuta kwenye simu mpaka kidevu kikajaa kioo kizima, nimeyaona yale mavimbe, mengine yana usaha, na zile alama nyeusi za zilizopita, na ukisema hutaki hata kutoka nje nakuelewa kabisa. Sitakwambia eti ni ujana zitaisha zenyewe, mi niliambiwa hivohivo na haya mashimo ya mashavuni unayajua. Ila pale mwisho umechomeka kitu kama utani, eti unafikiria kuacha vidonge vya kifafa wiki mbili tu uone kama uso utatulia. Hapo nilikaa chini.

Usiache. Kutoanguka kwako muda wote huu hakumaanishi umepona, ni kwa sababu unameza asubuhi na jioni bila kuruka, na dawa hizi zikikatwa ghafla kifafa kinaweza kurudi kwa fujo, mtu anaanguka mara mfululizo. Ni kweli zipo dawa za kifafa zinazotajwa kuleta chunusi, fenitoini ni mojawapo, sasa ukihisi na hii karbamazepini yako inahusika mwambie daktari aliyekuandikia, yeye ndo anajua kupunguza au kubadilisha pole pole. Si wewe na kioo chako.

Halafu hiyo doksi aliyokupa rafiki yako, yaani doksisaiklini, ile antibiotiki ya kumeza. Kwake imefanya kazi sawa, lakini yeye hamezi unachomeza wewe. Karbamazepini inalisukuma ini livunje dawa nyingine haraka, kwa hiyo doksi inatoka mwilini mapema kabla haijafanya la maana, utaona haisaidii, utajiongezea dozi kichwani mwako, na jua nalo litakuchoma maana doksi inafanya ngozi iungue upesi. Na vile vidonge vya kuongeza damu ulivyoanza majuzi ndo kabisa, madini ya chuma yakikutana na doksi tumboni yanashikana nayo haisharabiwi vizuri. Wasichana wengine wanapewa vidonge vya uzazi wa mpango ili chunusi zipungue, hivyo navyo karbamazepini inavipunguza nguvu, na mtu anaweza kubeba mimba akidhani kajikinga. Unaona? Kidonge kimoja tu, vingine viwili vinayumba.

Kuna nyingine utasikia inasifiwa sana, isotretinoini. Inafanya kazi kweli, zile chunusi sugu za ndani ndani zinazoacha kovu, ila inaharibu mtoto tumboni vibaya mno, inataka kupima damu, haimezwi pamoja na doksi kwa sababu presha inaweza kupanda ndani ya kichwa, na hata vitamini A za kujinunulia unaziweka pembeni. Hiyo ni ya daktari wa ngozi na usimamizi wake, kama mtu kakuuzia kwenye mfuko usio na jina achana naye.

Mi ningekuwa wewe ningeanza na za kupaka, maana kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana, hakigombani na vidonge. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 inatosha, ile ya 10 inakukausha na kukuwasha bila faida kubwa zaidi. Usiku adapalini, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, uso uwe mkavu, si kudonoa donoa kwenye chunusi tu. Anza siku moja ruka moja, ngozi ikibanduka paka mafuta mepesi, asubuhi sanskrini. Wiki za mwanzo chunusi zinaweza kuzidi, usikate tamaa ukadhani umedanganywa, dawa hizi zinataka wiki 8 mpaka 12. (Adapalini nayo ukija kupata mimba unaiacha, weka akilini.) Na tandika foronya nyeupe, au ile ya zamani, hiyo peroksaidi inang'oa rangi, ya kwangu ya bluu iliota madoa ya chungwa nikafikiri ni ugonjwa.

Cha kukuogopesha ni krimu za kuchanganya. Nilipokuwa na umri wako nilinunua kikopo kisicho na lebo, siku kumi uso ulikuwa laini kama wa mtoto, nikajiona nimepata, nilipoacha ukalipuka chunusi ndogo ndogo nyekundu mpaka shingoni. Ilikuwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, nilikuja kuambiwa baadaye sana. Kama hakina maandishi ya kilichomo usikipake, hata akikupa shangazi.

Sasa fanya hivi. Toa vidonge vyote unavyomeza uviweke mezani, cha kifafa, cha damu, vitamini, hata ile dawa ya mafua, piga picha pakiti moja moja upande wenye jina, uende nazo kwa daktari au mfamasia kabla hujapewa chochote. Usiseme tu "natumia dawa fulani," muonyeshe. Na ukiona mavimbe yanauma ndani, au yanaacha mashimo, usisubiri wiki 12, omba uonwe na daktari wa ngozi mapema, kovu likishaingia kulitoa ni kazi nyingine kabisa.

Ukitoka huko nipigie hata kama ni usiku, nitakuwa macho. Na hiyo doksi mrudishie mwenyewe.

Mama yako