Shoga, hiyo diklofenaki iweke chini

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, ila mvua zimetuchosha, na yule jogoo wa Mama Salha bado anawika saa nane za usiku. Vidonda vya tumbo vimeacha kunikesha, sasa ni zamu yake.

Pili kanidokeza eti kiuno kimekushika, unameza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, asubuhi na jioni, na tumbo likiwaka unalizima kwa maziwa. Shoga! Hayo maziwa nimeyanywa mwaka mzima. Yanapoza kidogo tu, kisha tumbo linazidi kumwaga asidi. Na hiyo diklofenaki ndiyo inayodhoofisha ute unaolinda ukuta wa tumbo.

Mimi nilikuwa nalaumu pilipili na maharage. Kumbe pilipili inachokonoa tu kidonda. Vidonda vingi huletwa na mdudu anaitwa H. pylori, au na hizo hizo dawa za maumivu. Mimi nina mdudu. Yaani, nilikuwa naye. Nilipewa omeprazo ya kupunguza asidi na antibayotiki aina mbili, siku 14, mdomo mchungu kama nimelamba betri. Siku ya 6 maumivu yakakata nikataka kuacha, unanijua. Baba Rama akawa ananihesabia vidonge kama karani wa bandari.

Kilichonipeleka hospitali hata mama sijamwambia. Choo cheusi kama lami, kinanata, harufu yake sikuandikii. Nikajidanganya ni vile vidonge vya kuongeza damu, maana navyo hufanya cheusi. Siku ya tatu nikaanguka jikoni, mwiko wa uji mkononi. Ilikuwa damu, shoga, inavuja tumboni.

Kwa hiyo hiyo diklofenaki... haya, nimeshasema. Na ukienda kupima mwambie daktari kila unachomeza. Kipimo changu cha kwanza cha choo kilisema sina kitu, kumbe omeprazo niliyojinunulia dukani ilimficha mdudu. Ilibidi niiache wiki mbili ndipo nirudie. Lakini ukiona cheusi, usisubiri wiki wala siku.

Sasa nijibu. Kiuno kilianzaje, ni zile ndoo? Dawa kakuandikia daktari au muuza duka? Njaa ikikubana usiku, tumbo linakuamsha? Choo kikoje, usinionee haya? Ramadhani hiyo inakuja, umeuliza kama utaweza kufunga? Na khanga yangu ya njano, unairudisha lini?

Wako,
Mama Rama