Barua ya wazi kwa Mheshimiwa uliyetuahidi ngazi na taa mwaloni Pakwach

Mheshimiwa, salaam. Mimi ni mama muuza samaki hapa Pakwach, Uganda, kando ya mto Nile, nakaanga samaki wa angara karibu na daraja, mabasi ya Arua yakisimama tunakimbilia madirishani na sinia kichwani. Huenda ushawahi kula samaki wangu. Nimenyamaza muda mrefu kwa heshima lakini ya Alhamisi iliyopita imenishinda.

Saa kumi na moja alfajiri nilishuka mtoni na binti yangu kupokea samaki kwa wavuvi, giza totoro. Pale tunaposhukia hakuna njia, ni tope na mafunjo tu, maana mwalo wetu wa zamani ulimezwa maji yalipopanda mwaka 2020, wengine wanasema ni mvua, wengine wanasema ni mabwawa ya huko juu wanafungulia maji, mimi nafikiri ni yote mawili. Binti ananimulikia na tochi ya simu. Beseni nishalitwika, napanda, tukasikia kiboko anapumua karibu kabisa, kama hatua tatu hivi, anatoka malishoni anarudi majini. Mtoto akageuza tochi upande ule, mimi mguu ukateleza nikaanguka chali, beseni lote likamwagika mtoni. Tukalala pale pale kwenye tope, nimemziba mtoto mdomo, mpaka tukasikia mnyama ameingia majini. Samaki wa shilingi 180,000, hela ya kikundi cha akiba, na Jumapili ndiyo siku ya kurudisha. Mkono wa kushoto mpaka leo hauinui sufuria.

Mheshimiwa, pale nilipoanguka ndipo uliposimama wewe. Ulivaa buti, tope uliliona kwa macho yako, ukasema mbele yetu sote kwamba ngazi za saruji zitajengwa na taa ya sola itawekwa, tukapiga vigelegele, mbuzi akachinjwa ukala na sisi. Tangu siku hiyo hata mfuko mmoja wa saruji haujafika.

Sasa tunasikia redioni habari ya utalii tu, hoteli, maboti, wageni. Sikatai, mji wetu una vitu. Tembo wa hifadhi ya Murchison wanatoka mpaka barabarani kule Tangi, abiria wanashangaa. Mto huu unaopita mbele yetu polepole hivi, kule kwenye maporomoko ya Murchison unajibana kwenye ufa wa mita kama 7 halafu unaanguka zaidi ya mita 40, watu wanapanda ndege kuja kuona. Lakini kwetu wanapita tu, soda moja, wamekwenda. Mwaka jana mama mmoja mzungu aliniomba nimpeleke aone wavuvi wanapofika na samaki. Nikamdanganya kwamba leo hawakwenda. Niliona aibu, ningemshusha wapi kwenye lile tope?

Na stima jamani! Karuma ni barabara yetu hii hii, bwawa la megawati 600 limezinduliwa 2024, sisi tunamulika viboko na simu ya mtoto ambayo chaji yenyewe tunalipia dukani.

Wewe Wang Lei unaijua, iko hapa hapa mtoni, wazee wetu wa Alur wanatuambia ndipo ndugu wawili, Gipir na Nyabongo, walipoachana. Mmoja alimrushia tembo mkuki wa mwenzake, tembo akaondoka nao mwilini, mwenye mkuki akaletewa mikuki mingine akaikataa yote, akataka ule ule wake. Ugomvi ule uliwatenga ndugu mpaka leo, na mimi nilikuwa namwona yule mwenye mkuki ni mtu mgumu sana. Sasa namwelewa. Usiniletee habari ya hoteli, usiniletee fulana, wala usituitie mkutano mwingine wa kuandika majina. Nataka kile kile ulichosema ukiwa umesimama kwenye tope letu. Ngazi na taa, pale mwaloni, wamama wanaposhukia.

Na kama saruji ni ghali, anza na taa. Moja tu. Sisi wenyewe tutachimba shimo la nguzo, vijana wa bodaboda wameshakubali kubeba mchanga. Leta taa, Mheshimiwa, maana kesho saa kumi na moja lazima nishuke tena na binti yangu ndiye atakayeshika tochi.