Watazamaji Tanga tupo, anzeni kwa wakati

Mhariri, salaam,

Nasoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata siku moja, nikiona wapo wanaojua kuandika kuliko mimi. Ila ile habari mliyoitoa Jumamosi ya juzi kuhusu muziki wa laivu na maigizo hapa Tanga imenikaa kooni mpaka leo. Mliandika kwamba watu wa Tanga siku hizi hawatoki, wameshikwa na simu na tamthilia za kwenye tivii, ndio maana kumbi ziko tupu na vikundi vya sanaa vinakufa. Mkamhoji mwandaaji mmoja akasema watazamaji hamna. Sasa hao watazamaji wenyewe mliwauliza? Maana mi ni mtazamaji, ninao wenzangu watano, na hakuna aliyetufuata kutuuliza chochote.

Sisi tuko sita, tunatoka pamoja tangu hatujaolewa. Mi ni fundi cherehani hapa Makorora, mmoja muuguzi, wawili walimu, mmoja ana genge, na shoga yetu mwingine anatoka Muheza, anakuja na daladala na mfuko wa machungwa kila safari. Tunachanga kila mwezi. Tukisikia kuna bendi tunaenda, kuna taarabu tunaenda, kuna vijana wa mtaani wanaigiza tunaenda pia, na sare nashona mimi. Na nataka niwaambie kwanini tunaenda, maana habari yenu iliandikwa kana kwamba muziki wa ukumbini na wa kwenye simu ni kitu kimoja. Si kimoja. Kwenye simu unasikiliza peke yako. Ukumbini kuna ubeti unampata mwenzio, unamuona anainuka na noti yake ya elfu mbili anaenda mbele taratibu kumtunza mwimbaji, na sisi tuliobaki kwenye viti tunajua kwanini kainukia ubeti ule na sio mwingine, na hatusemi, tunampigia vigelegele tu. Mwaka aliofiwa na mumewe mwenzetu mmoja, mara ya kwanza kumuona analia ilikuwa pale mbele ya jukwaa ana noti mkononi, nyumbani hakulia hata mbele yetu. Igizo nalo hivyohivyo, wale vijana wanaigiza kwa kiswahili cha mtaani kwetu, mambo ya mtaani kwetu, na sisi tunawajibu kutoka kwenye viti na wao wanatujibu. Hilo huwezi kulipata kwenye bando.

Sasa nieleze yaliyotupata, na ukumbi siutaji. Miezi michache nyuma paliwekwa mabango mjini, igizo la vijana saa moja jioni, bendi ya laivu saa mbili na nusu, tiketi elfu kumi. Tukanunua sita, elfu sitini. Lile igizo nilikuwa nalijua maana wale vijana walifanya mazoezi miezi mitatu kwenye kiwanja karibu na kwangu, kila jioni nikiwa kwenye cherehani nawasikia, na gauni la mjane na mtandio wake wa eda niliwashonea mimi bila kuchukua hata mia. Ni habari ya mama aliyefiwa na mume, shemeji zake wanamletea karatasi asaini ili shamba la minazi liwe lao. Basi saa moja kasorobo tuko getini. Geti limefungwa. Saa mbili tuko getini, saa mbili na nusu tukaingia, tunaambiwa mgeni rasmi yuko njiani. Safu tatu za mbele zimefunikwa vitambaa vyeupe hakuna ruhusa kukaa, sisi tuliolipa tukapangwa nyuma kwenye viti vya plastiki karibu na jenereta, na shoga yangu wa Muheza tayari anaanza kuangalia saa maana gari la mwisho analijua. Saa tatu mgeni yuko njiani. Saa nne kasorobo kafika, kakaa, kanywa maji, zikaanza hotuba, na zilikuwa nne, wa kwanza kamkaribisha wa pili, wa pili kamkaribisha wa tatu, na huyo wa tatu alikuja kumkaribisha mgeni. Saa tano ndio vijana wakapanda. Wameshakaa nyuma ya jukwaa masaa manne na vipodozi usoni, wana njaa, lakini waliigiza Mhariri, waliigiza mpaka yule mama wa genge aliyekuwa anasinzia akasimama. Yule binti anayecheza mjane kakamata kalamu, mkono unamtetemeka, ukumbi mzima tunapiga kelele "usisaini mama, usisaini!", na hapohapo maiki ikazimwa, MC kapanda jukwaani anasema muda umetutupa mkono, tuwapigie makofi vijana wetu. Yule binti akabaki amesimama na kalamu yake. Hajasaini, hajakataa. Mgeni rasmi akatoka na msafara wake, zile safu tatu za mbele zikabaki wazi usiku kucha na bado hatukuruhusiwa kukaa.

Na sijamaliza. Ile bendi ya laivu tuliyoandikiwa kwenye bango ilikuwa plebeki, wimbo uliorekodiwa unapigwa na wao wanaigiza kupiga. Magitaa wameyavaa na waya hazijachomekwa popote, nimeona kwa macho yangu. Mwenzetu yule yule aliyefiwa ukapigwa wimbo wake, akainuka na noti yake, akafika mbele, mwimbaji akainama kuipokea na maiki ameishusha hadi kiunoni, na sauti inaendelea kuimba. Mwenzetu alirudi akakaa, hakuinuka tena usiku ule na mpaka leo hajatoka na sisi. Tukaondoka saa saba, bajaji ya elfu mbili ikawa elfu sita, na wa Muheza akalala kwangu kwenye mkeka na asubuhi alikuwa zamu kazini. Baada ya hapo tunaambiwa simu ndio imeua sanaa.

Halafu mnapoandika Tanga haina watu wa muziki mkumbuke ni mji gani mnaouandika. Hapa palikuwa na bendi za dansi, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, kwa wakati mmoja, mji mmoja, na watu wakagawanyika kama wa Simba na Yanga. Hiyo Jamhuri ilianza ikiitwa Young Nyamwezi, maana mkonge ulileta watu mji huu kutoka kila kona na ikifika wikiendi wote walitaka dansi. Kwenye taarabu ndio usiseme, Black Star na Lucky Star wa hapahapa ndio waliopenyeza magitaa na besi, taarabu ikawa na mwendo wa Tanga mpaka Mombasa wakaifuata. Mwimbaji wetu Bi Shakila kaimbia Black Star, kaimbia Lucky Star, ndio baadaye akaenda taarabu ya JKT huko Dar, na amefariki 2016. Mwanangu wa miaka 20 hamjui hata sauti, na simlaumu, maana redio za mjini hapa ukifungua asubuhi mpaka unalala ni nadra kupigiwa wimbo wa Tanga, na hilo nalo nataka mliandike. Juzi mtangazaji kapiga wimbo wa Black Star akasema tumesikia taarabu kutoka Zanzibar. Nilipiga simu mara nne kumrekebisha, haikupokelewa. Kijana amekaa kwenye studio iliyoko Tanga, anapiga kitu cha Tanga, na hajui! Atajulia wapi kama hata wanaolipwa kuandika habari wanaanza na kumaliza kwa kusema watazamaji hamna?

Na mtu asiniambie igizo na muziki haviwezi kukaa usiku mmoja. Sie tuliokua miaka ya 80 na 90 tumeviona vikundi vya utamaduni, JKT, Muungano, na TOT (Tanzania One Theatre) ilipokuja, onyesho moja lina ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, kisha taarabu ndio inafunga. Igizo lilikuwa linachezwa mpaka mwisho wake. Watu walikuwa wanasimulia igizo sokoni wiki nzima, na walimjua mchawi wa kwenye igizo kuliko mwenyekiti wa mtaa.

Mi naomba yafuatayo na naomba myachapishe kama nilivyoyaandika. Pale getini iwekwe saa ya ukutani, kubwa, inayoonekana barabarani. Bango likisema saa moja, saa moja kamili wasanii wapande, mgeni awe amefika au hajafika. Kila nusu saa ikizidi, mwenye tiketi arudishiwe elfu mbili palepale mlangoni, nawahakikishia onyesho halitachelewa mara mbili. Mgeni rasmi azungumze dakika tano, na azungumze baada ya igizo sio kabla, atakuwa na la kusema maana ameliona. Safu ya kwanza wakae wenye tiketi namba 1 mpaka 20. Na kama bendi haipigi laivu bango liandike PLEBEKI kwa herufi zilezile kubwa walizoandikia jina la bendi, atakayetaka aende.

Na nyinyi mkitaka kuandika tena habari ya watazamaji, njooni Makorora, ulizeni fundi cherehani wa karibu na kile kiwanja. Nitawaitia wote, hata yule aliyesusa nitajaribu kumleta. Wale vijana bado wanafanya mazoezi kila jioni, wiki iliyopita yule binti alipita kwangu akaniuliza kama wenzangu wamewahi kuuliza igizo linaishaje. Nikamwambia wanauliza kila tukikutana, na wa Muheza anauliza hata kwenye simu. Akasema basi hatanihadithia, anataka tukalione. Watuambie lini tu na saa ngapi ya kweli. Elfu kumi zetu tunazo, na gauni la eda liko hapa dukani, nimeshalipiga pasi.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi cherehani, Makorora, Tanga