Punta: kabla ya Jumamosi

Wapendwa, salaam. Jumamosi tunaanza punta, dansi ya Wagarifuna wa Belize, watu wa Amerika ya Kati wenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Karibi. Tafadhali someni hapa kwanza.

Katika punta, kiuno kinachezeshwa na miguu. Kunja magoti kidogo, uzito uuweke mbele ya unyayo, kisha buruza miguu kwa hatua fupi za haraka, kulia na kushoto, bila kuinyanyua. Kifua na mabega vitulie kabisa. Mliozoea kukata mauno ndio nawahofia zaidi: ukianzia kiunoni, miguu inachelewa na mdundo unakupita.

Ngoma ni mbili, zote za kupigwa kwa viganja. Segunda, ile kubwa yenye sauti nzito, inashika mdundo uleule mwanzo hadi mwisho. Primera, ndogo na kali, ndiyo inayochombeza. Anayejifunza atege sikio kwenye segunda. Wapiga manyanga, msizifunike ngoma.

Wawili huingia katikati ya duara, mwanamume na mwanamke, wakishindana bila kugusana. Wengine wanaitikia wimbo.

Msifanyie mazoezi kwenye punta rock, muziki wa punta wa kisasa uliozaliwa Dangriga, mji wa Belize, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa gitaa la umeme. Ni mtamu, lakini kasi yake itawafanya mrukeruke. Punta ya asili huchezwa hata kwenye mkesha wa matanga, kumuaga marehemu kwa furaha, kwa hiyo tuiheshimu.

Njooni peku. Soli ya raba inang'ang'ania sakafu, na goti ndilo linaloumia. Kina dada, sketi pana.