Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Mikutano ilifanyika, mhadhara wa Ford Model T ulirudiwa kwa maombi ya wengi, na maonyesho yetu ya magari ya kale yalifana. Kumbukumbu zipo kwa Katibu.

Nije kwenye lile linalosemwa pembeni. Inadaiwa kwamba mwenyekiti amemaliza fedha za maonyesho kwa "kipande cha ubao". Ubao huo ni mfano wa ekseli (mtaimbo unaoshika magurudumu) ya mbele ya Brush Runabout, gari dogo la kale la Kimarekani, kwa ukubwa wake halisi. Seremala aliuchonga nikiwa nimesimama pale pale, na gharama za kuusafirisha nilizitoa mfukoni mwangu. Najua wengi mlitaka Ford tena. Lakini Ford ilipotoka mwaka 1908 iliuzwa dola 850, wakati Brush, iliyoanza Detroit mwaka mmoja kabla, ilipatikana kwa takriban dola 500. Sasa gari la mtu wa kipato kidogo lilikuwa lipi? Alanson Brush, aliyelibuni, aliliwekea silinda 1, cheni za kuvuta magurudumu ya nyuma, ekseli za mbao na springi za koili. Injini aliifanya izunguke kinyume na desturi, ili apigaye hendeli ya kuwashia gari kwa mkono wa kulia asiumizwe hendeli ikirudi ghafla. Watoto walipanga foleni kuugonga ubao ule kwa vidole. Kwenye picha za Ford sijawahi kuona foleni.

Mnaocheka "gari la kuni" mmechelewa, Wamarekani walishalicheka zamani. Hata hivyo, mwaka 1912 Francis Birtles na Syd Ferguson walivuka Australia kwa Brush, kutoka Fremantle hadi Sydney. Na si mbao zilizoiua Brush. Brush ilikuwa ndani ya United States Motor Company ya Benjamin Briscoe, iliyojibebesha kampuni nyingi kupita uwezo wake ikaanguka mwaka huo huo, licha ya kutoa Brush ya dola 350.

Uamuzi wa kuuchonga ubao ulipitishwa na kamati. Tulikuwa watu 5, akidi ilitimia. Wanaolalamika hawakuja.

Kuhusu ada, kati ya wanachama 64 wamelipa 21, na wasemaji wakubwa sikuwaona humo.

Mwakani, Mungu akijalia, tutatafuta ukumbi wetu wenyewe, na safari moja ikiwezekana. Risiti za seremala ziko kwa Mweka Hazina. Anayetaka kuziona aanze kwa kulipa ada.