Kidonge chenye kamera si cha kila tumbo linalouma

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie yaliyoandikwa hivi karibuni katika gazeti lako kuhusu kidonge chenye kamera, ambacho mgonjwa hukimeza kikapiga picha za ndani ya matumbo hadi kitoke chenyewe kwa njia ya haja kubwa. Makala yale yalieleza vizuri kwamba kipimo hiki hakina maumivu, lakini yaliwaachia wasomaji dhana kwamba yeyote anayesumbuliwa na tumbo angefanya vyema kukiomba. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi katika chumba cha endoskopia, yaani kipimo cha kuingiza mpira mwembamba wenye kamera tumboni, na wagonjwa wengi waliniuliza kwa nini wameze mpira ilhali kidonge kipo. Jibu hutegemea ni sehemu gani ya tumbo ambayo daktari anataka kuiona.

Mpira unaopitishwa mdomoni hukagua umio, mfuko wa chakula na mwanzo wa utumbo mwembamba. Ule unaopitishwa njia ya haja kubwa hukagua utumbo mpana na, mara nyingi, ncha ya mwisho ya utumbo mwembamba. Katikati hubaki mita kadhaa ambazo mipira ya kawaida haizifikii, na ni kwa ajili ya eneo hilo kidonge kilibuniwa na mhandisi wa Israeli, Gavriel Iddan, pamoja na wenzake, kisha kikaidhinishwa nchini Marekani mwaka 2001. Kina urefu wa milimita 26 hivi na upana wa milimita 11, betri yake hudumu saa 8 au zaidi, na picha zake, ambazo ni makumi ya maelfu, hupokelewa na kifaa ambacho mgonjwa hufungwa kiunoni.

Kwa hiyo mwenye kiungulia, mwenye maumivu ya chembe ya moyo au anayeshukiwa kuwa na vidonda vya tumbo hana sababu ya kuanza na kidonge. Katika mfuko wa chakula kidonge cha kawaida hubiringika bila kuongozwa na mtu, hakina hewa ya kutanua mikunjo, na kinaweza kukipita kidonda huku kamera yake ikitazama upande mwingine. Zaidi ya hayo, hakiwezi kukata kipande cha nyama cha kupelekwa maabara, wala kuzuia damu inayovuja. Hata yule ambaye shida yake ni maumivu peke yake, asiyepungua uzito, asiye na upungufu wa damu na ambaye vipimo vyake vya damu na choo havina kasoro, ana uwezekano mkubwa wa kukimaliza kipimo na kurudi nyumbani bila jibu jipya. Wapo wanaosema kwamba hata hilo ni faraja, nami siwalaumu, ila faraja ya aina hiyo haidumu ikiwa maumivu yenyewe yangalipo.

Anayestahili kidonge hasa ni mgonjwa anayepata choo chenye damu au cheusi kama lami, au ambaye madini ya chuma yanazidi kupungua mwilini mwake, na mipira yote miwili imeshapita bila kuonyesha chanzo. Huyo anaweza kuwa na mishipa midogo dhaifu inayovuja, uvimbe, ugonjwa wa Crohn (ugonjwa sugu unaojeruhi utumbo), au vidonda vilivyosababishwa na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu wengi hudhani zinaudhuru mfuko wa chakula tu. Mgonjwa wa namna hii ningemsihi asikawie, kwa kuwa kipimo kikifanywa ndani ya siku chache baada ya damu kuonekana, uwezekano wa kukiona chanzo huwa mkubwa kuliko pale damu inapokuwa imekwisha kukauka. Inasikitisha kwamba wanaokihitaji kidonge mara nyingi huishia kuongezewa damu na vidonge vya madini ya chuma mwaka hadi mwaka, huku wasiokihitaji wakikidai.

Jambo ambalo makala yale yaliligusa kwa sentensi moja, nami nadhani lilistahili zaidi, ni hatari ya kidonge kukwama. Kwa jumla hutokea kwa mgonjwa 1 au 2 katika kila 100, lakini kiwango hupanda kwa wenye ugonjwa wa Crohn unaojulikana, waliowahi kupasuliwa tumbo au kupigwa mionzi ya saratani tumboni, na waliotumia dawa za maumivu kwa muda mrefu, kwa sababu utumbo wao unaweza kuwa umebana mahali fulani. Kidonge kilichokwama kinaweza kukaa wiki nyingi bila kumuumiza mtu, na kinaweza pia kuziba njia kabisa hadi kikatolewe kwa upasuaji. (Wakati mwingine pale kilipokwama ndipo ulipo ugonjwa wenyewe, na daktari wa upasuaji huviondoa vyote viwili kwa pamoja.) Anayepata msokoto wa tumbo, kujaa na kutapika kila baada ya kula anapaswa kulisema hilo kabla ya kumeza chochote. Daktari anaweza kuagiza kwanza picha za utumbo, au kidonge cha majaribio kisicho na kamera, ambacho huyeyuka chenyewe kikikosa njia ya kupita.

Kuhusu kutokuwa na maumivu, ni kweli, lakini maandalizi yapo: kuacha vidonge vya madini ya chuma takriban wiki moja kabla, kufunga tangu usiku na, katika vituo vingi, kunywa dawa ya kusafisha matumbo. Wapo ambao betri huisha kabla kidonge hakijafika utumbo mpana, kwa hiyo sehemu ya utumbo mwembamba isionekane. Na kidonge kikionyesha kidonda au uvimbe, mgonjwa bado atahitaji mpira mrefu zaidi, au upasuaji, ili atibiwe. Ndiyo maana ningependa kila anayefikiria kipimo hiki amuulize daktari wake mapema: tukikiona kitu, tutafanya nini, na tusipokiona, matibabu yangu yatabadilika vipi?

Mwisho, baada ya kumeza, mgonjwa asikaribie mashine ya MRI, ambayo hupiga picha za mwili kwa sumaku kali, hadi ijulikane kwa hakika kwamba kidonge kimetoka. Asipokiona katika choo, amweleze daktari apigwe eksirei ya tumbo, hasa akiwa ameanza kutapika au kuumwa.

Wako,
Muuguzi mstaafu