Anayekatwa kodi ya jengo kwenye LUKU aonyeshwe pa kupinga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hapa mtaani kwetu Tandika linanung'unikiwa sana vibarazani lakini halifikishwi panapohusika, nalo ni namna mwenye nyumba anavyoweza kupinga kodi ya jengo anayokatwa anaponunua umeme, pale anapoona kwamba amekatwa kimakosa.

Tangu Agosti 2021 kodi hii imekuwa ikikusanywa kupitia mita za LUKU, yaani za umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa mijini, na kuanzia Julai 2023 viwango hivyo vikapanda hadi shilingi 1,500 na 7,500. Sipingi kodi yenyewe wala njia ya kuikusanya. Sisi tuliopanga foleni juani mwaka 2017, siku za mwisho za kulipia majengo, huku wazee wakiletewa viti na wajukuu zao, tunajua adha tuliyoondolewa.

Lakini pamoja na foleni ile iliondoka karatasi. Zamani nyumba ilithaminiwa, thamani yake ikaandikwa katika daftari la uthamini, na mwenye jengo aliyeona amekadiriwa zaidi ya haki yake alikuwa na kitu mkononi cha kukipinga. Leo, kwa kiwango kimoja cha nyumba zote za kawaida, hakuna tena thamani ya kubishania, na watu wengi wamedhani kwamba kwa sababu hiyo hakuna cha kukatia rufaa. Dhana hiyo si kweli. Bado yapo maswali ambayo jibu lake likikosewa mtu hulipa asichodaiwa: je, jengo hili limeshalipiwa kwa mita nyingine, je, ni la ghorofa au la kawaida, na je, mwenye nyumba ni miongoni mwa waliosamehewa na sheria?

Nitoe mfano wa nyumbani kwetu. Mama yangu ana miaka 74 na anaishi katika nyumba aliyojenga na marehemu baba, nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati, vyumba vitatu vya upande wa kushoto vikiwa vimepangishwa. Mwanzoni mwa mwezi mmoja alinunua umeme wa shilingi 10,000, ambao kwa kawaida humpa uniti 28 na kidogo, akapata uniti ambazo hazikufika 24. Akamtuma mjukuu wake arudi kwa muuzaji wa vocha kuuliza pesa nyingine imekwenda wapi, na kijana wa watu akaapa kwamba hakuchukua hata senti. Niliposoma ujumbe wa tokeni kwenye simu ya mama, chini ya kodi ya ongezeko la thamani, tozo ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na ile ya REA, wakala wa nishati vijijini, niliukuta mstari mmoja mfupi wa makato ya shilingi 1,500, bila kutaja ni ya jengo gani, la aina gani, wala aulizwe nani.

Mstari huo ulikuwa na makosa mawili. La kwanza, sheria inamsamehe kodi hii mzee wa miaka 60 au zaidi kwa nyumba yake moja anayoishi. La pili, upande wa wapangaji una mita yake, ambayo nayo ilikuwa ikikatwa, kana kwamba chini ya paa lile moja kuna majengo mawili. Kwa mwaka ni shilingi 36,000 zinazotoka katika nyumba ambayo haikupaswa kutoa kitu. Wapo watakaosema kiasi hicho ni kidogo. Kwa mama anayeishi kwa pango la vyumba vitatu, ni umeme wa zaidi ya miezi mitatu.

Tulipofika ofisi ya kodi kulalamika hatukutendewa vibaya, na naandika hili kwa makusudi ili nisimwonee mtu. Afisa aliyetupokea alikuwa mwungwana, akamwita mama kwa heshima na kumpa kiti. Alihitaji kitambulisho cha taifa, leseni ya makazi, barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha kwamba mama anaishi pale, pamoja na namba za mita zote mbili. Tulikwenda mara tatu kwa sababu hakuna mahali tulipokuwa tumeambiwa mapema nini cha kubeba. Mama anatembea kwa fimbo, na nauli ya bajaji ya safari hizo tatu ilizidi makato ya miezi kadhaa. Ninaamini wazee wengi wamepiga hesabu hiyohiyo na kuamua kunyamaza.

Jambo linalonisumbua zaidi ni la kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa mlipakodi siku 30 za kuweka pingamizi tangu apewe uamuzi wa kodi, na asiporidhika na jibu anaweza kwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, hadi Mahakama ya Rufani. Kwa anayekatwa kwenye tokeni, siku hizo 30 zinahesabiwa tangu lini? Tangu mita ilipounganishwa na kodi, siku ambayo hakuarifiwa, au tangu tokeni ya kwanza, ambayo pengine aliinunua mpangaji aliyekwisha kuhama? Mtu hawezi kuambiwa amechelewa kupinga makadirio ambayo hakuwahi kuonyeshwa.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Fedha, kwa kushirikiana na Mamlaka ya Mapato (TRA) na shirika la umeme, TANESCO, iweke utaratibu wa kumpelekea mwenye jengo, angalau mara moja kwa mwaka, ujumbe wa Kiswahili unaotaja namba ya mita, aina ya jengo lililosajiliwa, kiasi anachotozwa, misamaha iliyopo, na mahali pa kupinga pamoja na vielelezo vinavyohitajika. Simu ileile inayopokea tokeni inaweza kupokea ujumbe huo. Naomba pia pingamizi la aina hii lipokelewe katika ofisi ya serikali ya mtaa, kwa kuwa mwenyekiti na mjumbe ndio wanaojua nani anaishi wapi na nani ametimiza miaka 60, na ndio hao tunaowafuata kuomba barua.

Wapangaji nao wasisahauliwe. Kodi hii kisheria ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, ambaye hana hati wala leseni ya makazi ya kuipinga kwa jina lake. Ujumbe huo wa mwaka ungempa walau kitu cha kumwonyesha mwenye nyumba wake wanapokaa kupatana juu ya pango.

Kuhusu fedha zilizokwisha kukatwa kimakosa, naona njia iliyo rahisi ni kuzirejesha kwa uniti za umeme katika mita ileile, badala ya kumtaka mzee afungue jalada la kudai marejesho ya shilingi elfu chache. Mita za nyumba yetu ziliachiwa makato mwezi wa tatu baada ya kuwasilisha maombi. Ombi la makato ya nyuma tumeliandika, mama ameweka dole gumba chini yake, na nakala iliyogongwa muhuri ameihifadhi pamoja na leseni yake ya makazi akisubiri majibu.

Mkazi wa Tandika,
Dar es Salaam